Jinsi ya kuielewa milima ya Cévennes: anza na jiwe ulilolikanyaga

Tunaoishi Ufaransa wengi wetu tunajua Paris, Lyon na Marseille, na likizo ikifika tunakimbilia baharini. Milima ya Cévennes, kule kusini juu ya Nîmes na Alès, tunaipita tu. Mi mwenyewe mara ya kwanza niliipita kwa gari siku nzima, nikaona msitu, kona, nyumba za mawe, nikarudi nyumbani sina cha kusimulia. Mara ya pili nikatembea nusu siku na mzee mmoja wa kule aliyefuga mbuzi maisha yake yote, na kila nilipomuuliza jambo la historia alikuwa anainama, anaokota jiwe, ananipa nilishike. Kwanini Waprotestanti hawakumalizwa hapa? Jiwe. Kwanini walikula chestinati, zile kokwa za mti, badala ya ngano? Jiwe. Kwanini wakulima wachache walimsumbua mfalme mwenye jeshi kubwa kuliko yote Ulaya? Jiwe tena. Toka siku hiyo nimerudi mara nyingi na nikimpeleka mgeni nampitisha njia hiyo hiyo, kwa hiyo nimeona niiandike.

Kwanza ujue upo wapi. Cévennes ni ukingo wa kusini mashariki wa Massif Central, yaani ile milima mizee iliyokaa katikati ya Ufaransa. Sehemu kubwa ipo kwenye mkoa wa Lozère na Gard, na vipande vinaingia Ardèche na Hérault. Lozère ndio mkoa wenye watu wachache kuliko yote Ufaransa bara, kama 76,000 hivi kwenye kilomita za mraba 5,167, yaani ukiwachukua wote na watoto wao wanaenea kwenye uwanja wa Stade de France na viti vinabaki. Hilo ulikumbuke ukiwa njiani, maana utatembea masaa matatu hujaona mtu alafu utakuta kuta za mawe kila mahali, matuta juu ya matuta, na utajiuliza nani alijenga yote haya. Walikuwepo wengi tu. Tutafika huko.

Pili nunua ramani ya karatasi, zile za IGN, taasisi ya ramani ya Ufaransa, za 1:25 000, usitegemee simu maana kwenye mabonde mtandao unakata. Ukiifungua usikimbilie vilele, soma majina kwanza. Majina ya huku ni ya Kioksitani, lugha ya zamani ya kusini, na ukijua maneno machache tu ramani inaanza kuongea. Mas ni boma la familia, nyumba na mazizi pamoja. Serre ni mgongo mrefu wa mlima, na ukiona serre nyingi ujue utapanda na kushuka mpaka magoti yalie. Valat ni kijito, mara nyingi kikavu mpaka mvua inyeshe. Puech ni kilima. Can au cham ni uwanda mdogo wa juu. Draille ndio neno ninalolipenda kuliko yote, ni njia ya kondoo, njia pana ya zamani sana inayofuata mgongo wa mlima, ambayo wachungaji walipitisha mifugo kutoka nyanda za joto za kusini kwenda malisho ya juu mwezi wa sita na kurudi majani yakianza kukauka. Wapo wanaopitisha mpaka leo, kondoo wamefungwa kengele na vishada vya sufu za rangi, na ukibahatika kuwakuta utawasikia dakika nyingi kabla hujawaona.

Sasa njoo kwenye mawe yenyewe. Yako matatu, na kama una siku mbili tu, zitumie kuyaona yote matatu, mengine yatakuja. Kaa Florac, ni mji mdogo uliokaa pale yanapokutana, makao ya hifadhi ya taifa yako pale kwenye kasri.

Jiwe la kwanza ni matale, wengine wanasema graniti. Hili ni la Mont Lozère, upande wa kaskazini, na kilele chake cha Finiels kina mita 1,699. Utalijua kwa mawe makubwa ya mviringo yaliyolala kwenye majani kama ng'ombe, na ng'ombe wenyewe wamelala katikati yake. Nyumba ni nene, za kijivu, madirisha madogo. Huku adui ni theluji na upepo. Ukipita vijiji kama Serviès, Les Sagnes au Oultet tafuta mnara mdogo wa mawe wenye kengele, hauna kanisa, umesimama peke yake. Ilikuwa hivi: tufani ya theluji ikianza mtu aliyeko nje haoni hata mkono wake, mlima wote unakuwa mweupe juu na chini, anazunguka mpaka anaganda mita mia tu kutoka mlangoni kwa mtu. Basi wanakijiji walikuwa wanapokezana kupiga kengele, usiku kucha kama itabidi, ili aliyepotea afuate sauti. Mi nilikaa chini ya mnara mmoja kiangazi, jua kali, nikaushika ule ukuta, nikawafikiria wale waliokuwa wanavuta kamba saa nane za usiku bila kujua kama kuna mtu anasikia. Kwenye malisho ya huko huko tafuta pia mawe ya mpaka yaliyochongwa msalaba wa Malta, maana mashujaa wa Mtakatifu Yohana, shirika la watawa wapiganaji, walikuwa wanamiliki sehemu kubwa ya mlima huu karne za kati.

Jiwe la pili ni chokaa. Hili ni la Causses, nyanda za juu upande wa magharibi, na ya kwenda ni Causse Méjean, iko karibu mita 1,000 juu ya bahari. Ukitokea Florac barabara inapanda ukuta wa mwamba kwa kona kali, alafu ghafla unatokea juu kwenye majani matupu mpaka upeo wa macho, hakuna mti, hakuna mto. Mvua inanyesha vizuri tu lakini chokaa ina nyufa, maji yanazama yote, yanatembea gizani na kutokea chini kabisa kwenye makorongo ya Tarn na Jonte, mita 400 mpaka 500 chini ya miguu yako. Ndio maana watu wa juu walichimba madimbwi ya duara na kuyasakafia kwa mawe ili kondoo wanywe, yanaitwa lavogne. Na hapa angalia nyumba kwa makini, ingia ndani kama kuna inayofunguliwa kwa wageni: dari ni tao la mawe, na mpaka paa ni mawe, kwasababu hakukuwa na miti ya kukata boriti. Maziwa ya kondoo wa huku yanaenda kutengeneza jibini ya Roquefort. Kama huogopi kushuka shimoni nenda Aven Armand, pango aliloligundua Louis Armand mwaka 1897 akiwa na Édouard-Alfred Martel, chini kuna msitu mzima wa nguzo za chokaa. Ukirudi juu inua macho, tumbusi wanaozunguka korongo la Jonte walikuwa wametoweka kabisa, wakarudishwa kuanzia mwaka 1981.

Jiwe la tatu ni shisti, na hapa wenyeji watakwambia ndio Cévennes yenyewe, kule kwingine ni majirani. Ni jiwe jeusi la tabaka tabaka, ukiligonga linabanduka kama vigae, na kweli ndilo linaloezeka nyumba. Halishiki udongo. Mabonde ya shisti, kama Vallée Française na Vallée Longue, ni membamba, yamejipinda, miteremko mikali kiasi kwamba huwezi kupata sehemu bapa ya kuweka hata meza. Kwa hiyo watu wakatengeneza ubapa kwa mikono: matuta yenye kuta za mawe bila saruji, wanayaita bancel au faïsse kutegemea bonde. Mvua kubwa ikiteremsha udongo, walikuwa wanaupandisha tena na vikapu mgongoni. Kila mwaka. Tafadhali usikanyage juu ya kuta hizo kutafuta picha nzuri, jiwe moja likitoka maji yanapata mlango na ukuta mzima unafuata.

Ukishajua mawe, fuata maji. Nenda Col de Jalcreste, kwenye barabara ya Florac kwenda Alès. Tone likianguka upande mmoja linaingia Mimente, kisha Tarn, kisha Garonne, linaishia Atlantiki. Likianguka upande wa pili linaingia Gardon, kisha Rhône, linaishia Mediterania. Upande wa Atlantiki miteremko ni ya taratibu, upande wa Mediterania mlima unakatika kama ukuta, na hapo ndipo hatari ilipo. Kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja bahari bado ina joto, upepo wa kusini unaleta hewa yenye unyevu, inagonga ule ukuta, inapanda, inamwaga kila kitu sehemu moja. Tarehe 19 Septemba 2020 kijiji cha Valleraugue kilipata kama milimita 700 kwa siku moja, hiyo ni zaidi ya mvua ya mwaka mzima ya Paris. Mi sikuwepo hiyo siku, lakini mwaka mwingine, mwezi wa kumi, nililala kwenye gîte moja, yaani nyumba ya wageni, mwenyewe akaniambia njia iko salama, nikatoka, masaa mawili baadaye kijito nilichotakiwa kuvuka kilikuwa kinanguruma na kuburuta magogo. Nikarudi nyuma na kupanda mgongoni mwa mlima. Kwa hiyo kila asubuhi ya vuli fungua ramani ya tahadhari ya Météo-France, ikiwa rangi ya machungwa au nyekundu baki ulipo, usivuke daraja lililozama hata kama maji yanaonekana ya kifundo cha mguu, na usipige hema kando ya mto. Namba ya dharura ni 112.

Mlima unaopokea mvua hizo ni Aigoual, mita 1,565, na juu yake kuna jengo la kituo cha hali ya hewa kilichofunguliwa mwaka 1894, wataalamu wake walikaa humo mpaka 2023, linafanana na ngome. Siku ya anga safi unaona bahari upande mmoja na Alps upande mwingine. Msitu unaoupita ukipanda sio wa asili, karne ya 19 mlima huu ulikuwa umeliwa na kondoo na makaa mpaka ukabaki mfupa, bwana misitu Georges Fabre akishirikiana na mtaalamu wa mimea Charles Flahault wakaupanda upya.

Tuje kwenye chakula, maana bila chakula historia ya huku haieleweki. Shisti haioti ngano ya kutosha, lakini inaotesha chestinati, ule mti Wafaransa wanauita châtaignier, na wenyeji waliuita mti wa mkate. Tafuta kwenye kila mas nyumba ndogo ya mawe yenye ghorofa mbili, pembeni, imejaa masizi ndani: hiyo ni clède. Chini waliwasha moto wa magogo ya chestinati, moto usiowaka, wa kufuka tu. Juu kwenye sakafu ya fito zenye nafasi walimwaga chestinati, na moshi ukapita katikati yao wiki tatu nne, mchana na usiku, mtu anaenda kuzigeuza huku macho yanatoka machozi. Zikishakauka zinapigwa kwenye magunia au kukanyagwa na viatu vya mbao vyenye meno ya chuma ili maganda yatoke. Zinakuwa ngumu kama kokoto, zinakaa mwaka mzima. Ukiingia clède ya zamani, hata iliyoachwa miaka hamsini, vuta pumzi, ule moshi bado upo kwenye mawe.

Alafu hariri. Baridi kali ya mwaka 1709 iliua miti mingi, watu wakaanza kupanda miforsadi kwa wingi, majani yake ndio chakula cha viwavi wa hariri. Mti wa mkate ukapata mwenzake, mti wa dhahabu. Ndio maana utaona nyumba nyingi zimeongezwa ghorofa juu yenye madirisha madogo mengi, viwavi walilelewa humo, wakipashwa moto kwenye pembe nne za chumba, na wanawake walikuwa wanaatamia mayai kwenye vifuko vidogo chini ya sketi zao ili yapate joto la mwili. Katikati ya karne ya 19 ugonjwa ukaingia, viwavi wakawa wanakufa na madoa meusi kama pilipili manga, serikali ikamtuma Louis Pasteur Alès, alifanya kazi pale kati ya 1865 na 1869 akapata njia ya kuchagua mayai mazima. Lakini Suez ilifunguliwa 1869, hariri ya Asia ikawa inafika kwa bei rahisi, kisha ikaja ya kiwandani. Kiwanda cha mwisho cha kusokota, Maison Rouge pale Saint-Jean-du-Gard, kilifungwa 1965, leo ni makumbusho na nakushauri utenge nusu siku nzima. Chestinati nazo zilipata ugonjwa wa mizizi. Watu wakashuka kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Alès na La Grand-Combe, na wengine mijini. Hao ndio waliojenga zile kuta.

Sasa vita. Mwaka 1598 Waprotestanti wa Ufaransa walipewa haki ya kuabudu, mwaka 1685 Louis XIV akaifuta. Wachungaji wao wa dini wakafukuzwa, makanisa yao, wao wanayaita mahekalu, yakabomolewa, mwanaume akikamatwa kwenye ibada anapelekwa kupiga makasia kwenye meli za mfalme, mwanamke anafungwa. Marie Durand alifungwa mnara wa Aigues-Mortes 1730 akiwa binti, akatoka 1768. Miaka 38, na neno moja la kukana imani lingemfungulia mlango. Huku milimani watu wakawa wanakutana usiku mabondeni, wakaziita ibada za Jangwani kama wana wa Israeli.

Nenda Le Pont-de-Montvert, simama kwenye daraja la mawe. Usiku wa tarehe 24 Julai 1702 kikundi cha watu walishuka wakiimba zaburi, wakaizunguka nyumba ya padre du Chayla aliyekuwa amefungia wafungwa wa imani ndani, wakawafungua, wakamuua. Vita ya Camisards, ndivyo walivyoitwa waasi hao wa Kiprotestanti, ikaanza. Viongozi hawakuwa mabwana, Jean Cavalier alikuwa mfanyakazi wa mwoka mikate, umri wa miaka ishirini na kidogo, Rolland alikuwa na nyumba ya kawaida kule Mialet. Hapo ndipo jiwe linaporudi: mabonde yaliyojipinda jeshi haliwezi kupanga mistari, mapango ya kuficha unga na wagonjwa, na chestinati kavu kwenye kila clède kuwalisha waasi. Majenerali walilielewa hilo, ndio maana vuli ya 1703 wakaamuru vijiji na vitongoji 466 vichomwe, walitaka kuua tumbo la vita. Mwaka 1704 Cavalier akafanya mapatano, Rolland akauawa, na vita ikaisha polepole. Waprotestanti walisubiri mpaka 1787 kutambuliwa kisheria.

Mambo mawili ya kuangalia kwa macho yako. La kwanza, makaburi. Kwa kuwa walikataliwa makaburi ya Wakatoliki walizika kwao, nyuma ya nyumba, kwenye tuta. Ukiona saipresi mbili zimesimama karibu na mas, mara nyingi hapo kuna mtu amelala, punguza sauti. La pili ni Musée du Désert, makumbusho ya Jangwani, kwenye nyumba ya Rolland, Mas Soubeyran. Humo kuna mimbari inayokunjwa ikaonekana kama pipa la kupimia nafaka, askari akipita anaona pipa tu. Na kuna Biblia ndogo sana ambayo mwanamke aliificha kwenye msuko wa nywele. Jumapili ya kwanza ya Septemba maelfu wanakusanyika pale nje chini ya miti kuabudu, ukiweza nenda, kaa kimya nyuma, sikiliza zaburi. Na wakati wa vita vya pili vya dunia mabonde haya haya yalificha Wayahudi na Wajerumani waliomkimbia Hitler, wenyeji hawakuhitaji kuelezwa maana ya kufichwa.

Kuhusu yule mnyama wa Gévaudan mnayemsikia, aliyeua watu karibu mia kati ya 1764 na 1767, huyo ni wa kaskazini zaidi, Margeride, ni safari nyingine.

Kufika ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Treni ya Nîmes kwenda Clermont-Ferrand inapita humu humu kwenye mahandaki zaidi ya mia, shuka Alès au Génolhac alafu uangalie basi, ratiba zinabadilika na msimu. Ukitaka kutembea fuata GR 70, njia aliyopita mwandishi wa Uskoti Robert Louis Stevenson na punda wake mwaka 1878. Sio lazima yote, kuanzia Le Pont-de-Montvert mpaka Saint-Jean-du-Gard ni kama kilomita 80, siku nne au tano, unatoka kwenye matale na kuishia kwenye shisti. Punda unaweza kukodi, anabeba mizigo na watoto watatembea bila kulalamika. Ndani ya hifadhi usiwashe moto, hema ni jioni mpaka asubuhi tu na karibu na njia kuu. Ukikutana na kondoo wenye mbwa mkubwa mweupe simama, mwongeleshe taratibu, zunguka kundi kwa mbali. Na chestinati zilizoanguka njiani zina mwenyewe.

Ukimaliza, panga ufike Saint-Jean-du-Gard Jumanne asubuhi, siku ya soko. Nunua jibini ndogo ya mbuzi, pélardon, vitunguu vitamu vya matuta, na nusu kilo ya chestinati kavu zilizopita kwenye moshi. Nyumbani ziloweke usiku kucha, kesho uzichemshe moto mdogo masaa mawili au zaidi na kitunguu na chumvi, mwishoni mimina maziwa. Wanaita bajanat. Ukifunua sufuria jiko zima litanuka clède.